Fimbo ya Baba Mkwe

Ko. Ko. Ko.

Tupokigwe aliisikia fimbo kabla ya kuona chochote. Ukungu ulikuwa umefunika uwanja wote, na hata mianzi ya nyuma ya jiko haikuonekana. Aliweka chini ndoo ya maji, akavuta kanga kichwani, akajibanza nyuma ya jiko. Hakuogopa. Alikuwa anampisha baba mkwe wake.

Ndiyo mila ya nyumba ile, na ya nyumba nyingi za kijiji cha Ibaba. Mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawasemeshani, hawaitani kwa majina. Mzee Sadoki anapopita hugonga fimbo yake kwenye mawe ili mkamwana ajue. Mkamwana akisikia, husogea. Hakuna anayechukia. Kila mmoja anampa mwenzake heshima yake.

Tupokigwe aliolewa hapo akiwa msichana. Sasa binti yake Tabita alikuwa darasa la sita. Miaka yote hiyo hakuwahi kuutazama vizuri uso wa baba mkwe wake. Lakini aliijua fimbo yake. Aliijua ikiwa na furaha, siku ya kuuza pareto. Aliijua ikiwa na hasira, siku mbuzi walipoingia kwenye maharage.

Ko. Ko.

Fimbo ilinyamaza.

Tupokigwe alisubiri. Zamani fimbo ile ilikwenda moja kwa moja kutoka mlangoni mpaka chooni, bila kupumzika. Siku hizi ilisimama kwenye mparachichi. Halafu ilisimama tena kwenye jiwe la kunolea majembe. Na asubuhi hiyo ilikuwa imeshapita mara kadhaa, kwenda na kurudi.

"Mama," alimwuliza mama mkwe wake baadaye, "baba anaumwa?"

Bibi Gwantwa alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho.

"Uzee huo, mwanangu. Na bawasiri yake. Mumeo kamtumia dawa kutoka Tunduma."

Mume wa Tupokigwe aliitwa Anyosisye. Alifanya kazi mpakani Tunduma, akipakia na kupakua mizigo ya malori yanayokwenda Zambia. Alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Alimpenda baba yake sana. Kila alipotuma sukari alituma na chupa ya dawa nyeusi, iliyonunuliwa kwa mtu anayetangaza kwa kipaza sauti sokoni. Dawa ile, kwa maneno ya mwuzaji, ilitibu bawasiri, mgongo, macho na mikosi.

Mzee aliinywa. Fimbo iliendelea kusimama.

*

Ilikuwa mwaka 2014. Tupokigwe alikuwa mhudumu wa afya wa kitongoji. Alipita nyumba kwa nyumba akieleza habari za chandarua, chanjo na maji ya kuchemsha. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa na maringo, na alijua kutunga nyimbo. Neno gumu alilifanya wimbo, na kina mama walilichuma pamoja na pareto.

Mwezi ule wahudumu wote waliitwa zahanati. Muuguzi aliyekuja kuzungumza nao aliitwa Sista Scola. Alizaliwa bondeni Momba, katika nyumba ya Wasukuma wafugaji, na sauti yake ilizoea kuita ng'ombe.

"Tumekuja na utafiti," alisema. "Tunataka kujua watu wangapi wa huku wana dalili za saratani ya utumbo mpana bila wenyewe kujua. Tukijua, tutajua namna ya kuwasaidia mapema. Atakayepimwa atapewa majibu yake, na akihitaji kwenda mbele tutampeleka. Hakuna anayelazimishwa. Mtu akikataa, huduma yake hapa zahanati haipungui hata kidogo."

Kisha alinyanyua kikopo kidogo cha plastiki chenye mfuniko.

"Hiki ni cha kuwekea choo. Kila mtu aliyefikisha miaka hamsini na kuendelea, mwanaume na mwanamke."

Wahudumu walitazamana. Lusubilo, mhudumu wa kitongoji cha pili, alikohoa.

"Sista, tukawaambie wazee wetu watupe choo chao?"

"Ndiyo."

"Mkononi?"

"Kwenye kikopo, Lusubilo. Mkononi ni wewe umetaka."

Watu walicheka. Sista Scola aliwaacha wacheke mpaka wakamaliza.

"Utumbo mpana ni ule wa mwisho, unaoishia njia ya haja kubwa," alisema. "Ndani yake huweza kuota kinyama kidogo. Hakiumi. Kinaweza kukaa miaka mingi kimya. Vinyama vingi havileti madhara, ila vingine hugeuka saratani. Kinyama kikisuguliwa na choo kinaweza kuvuja damu. Mara nyingine ni kidogo sana, jicho haliioni. Kipimo kinaiona."

"Kwa hiyo mwenye damu ana saratani?" aliuliza Tupokigwe.

"Hapana. Bawasiri hutoa damu. Minyoo na kichocho pia. Vidonda vya tumbo pia. Ndiyo maana mwenye damu tunampeleka Mbeya, daktari aangalie ndani kwa kamera nyembamba. Kosa ni mtu kujipa jina la ugonjwa mwenyewe. Anaona damu, anasema bawasiri, anakunywa majani. Mwaka unapita."

Aliinama kwenye gunia lililokuwa mlangoni, akachukua kiazi kimoja chenye doa jeusi.

"Nyinyi ni wakulima wa viazi. Kiazi hiki nikifanye nini?"

"Kata doa, pika," alisema Lusubilo.

"Nikikiacha ghalani?"

"Kitaoza chote. Kitaozesha na vya jirani."

"Mwili nao ni hivyo hivyo. Kinyama kidogo tukikiona mapema, tunakitoa, saratani haipati nafasi ya kuanza. Saratani yenyewe ikikutwa bado ndogo, hukatwa na mtu anaendelea kulima. Ikishatembea kwenye ini na mapafu, tunabaki kupunguza maumivu."

Tupokigwe aliuliza dalili za kuangalia, maana nyingine zinaonekana kabla hata ya kipimo. Sista Scola alizitaja polepole. Damu kwenye choo, nyekundu au nyeusi kama lami. Choo kubadilika kwa wiki kadhaa, mara kuharisha, mara kufunga. Kwenda chooni na kuhisi hujamaliza. Tumbo kuuma. Kukonda bila sababu. Kuchoka na kuishiwa pumzi, kwa sababu damu inapungua taratibu.

"Na ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua," aliongeza, "hatari yako ni kubwa zaidi. Usingoje hamsini. Anza kwenye arobaini, au hata kabla."

Tupokigwe hakusikia tena yaliyofuata. Masikioni mwake fimbo ilikuwa inasimama kwenye mparachichi.

*

Kazi ya vikopo ilikwenda vizuri kuliko watu walivyodhani. Tupokigwe alifundisha kila nyumba. Tandika jani kavu la mgomba, choo kisichanganyike na mkojo wala maji. Chukua kidogo kwa kijiti. Funga mfuniko vizuri. Nawa mikono kwa sabuni. Leta siku hiyo hiyo.

Aliwatungia wimbo, na baada ya siku chache kina mama waliuimba mashambani:

Damu chooni kitoka, usiseme bawasiri,
Tumbo likibadilika, siku nyingi sisubiri,
Mwili ukidhoofika, usifanye kuwa siri,
Nenda upimwe haraka, tiba ianze vizuri.

Wazee wagumu wa Ibaba, waliokataa hata dawa ya meno, walileta vikopo vyao wakiwa wamevifunika kwa kofia. Nyumba moja tu haikuleta. Nyumba yake mwenyewe.

Alimwomba Lusubilo aende kwa niaba yake. Lusubilo alikwenda asubuhi. Alirudi upesi, kikopo kikiwa kitupu, na uso wake kama mtu aliyefukuzwa na nyuki.

"Mama Tabita, baba mkwe wako ana mdomo."

"Amesemaje?"

"Ameniuliza vikopo vinapokelewa na nani. Nikasema vya kitongoji hiki unapokea wewe, unaandika namba, unapeleka zahanati. Kisha akasema, 'Mkamwana wangu ashike kinyesi changu? Uso wake siujui, halafu ajue choo changu? Rudi na kikopo chako. Heri nife nikiwa na heshima yangu.'"

Tupokigwe alikaa kwenye kizingiti.

Miaka yote ile walikuwa wamepishana kwa upendo. Yeye alisogea, mzee aligonga. Sasa kupishana kule kule kulikuwa kunamzuia mzee asipone.

Jioni alimpigia simu mumewe. Kelele za malori zilisikika nyuma yake.

"Bawasiri hiyo, mama Tabita," alisema Anyosisye. "Nimeshatuma chupa nyingine na gari la viazi."

"Imemsaidia nini ile ya kwanza?"

"Dawa za majani ni za polepole."

"Baba mkubwa Rubeni alikufa na nini?"

"Tumbo. Watu walisema alitegewa sumu kwenye pombe."

"Kabla ya hapo alikuwaje?"

Lori lilipiga honi.

"Alikonda," alisema. "Alikuwa anakwenda chooni kila mara. Alikuwa anasema ana bawasiri."

Tupokigwe aliihamishia simu sikio la pili.

"Rubeni na baba ni tumbo moja," alisema Tupokigwe.

"Mwambie baba apime."

"Nimwambieje, Anyosisye? Mimi simsemeshi baba yako."

"Basi nitampigia mimi."

Alipiga. Mzee alimsikiliza, akamwuliza hali ya Tunduma, akamshukuru kwa sukari, akakata simu.

*

Kesho yake mvua ilinyesha. Bibi Gwantwa alikuwa jikoni na Tupokigwe, wakipukuchua mahindi. Jiko lile lilikuwa limetengwa na chumba cha mzee kwa ukuta wa mianzi uliokandikwa udongo. Udongo ulikuwa umedondoka hapa na pale, na sauti ilipita. Mzee alikuwa upande wa pili, akichonga mpini wa jembe. Walimsikia.

Tupokigwe alianza kuimba wimbo wake. Wimbo haumtaji mtu. Mtu anaruhusiwa kuimba nyumbani kwake.

Alifika kwenye "usifanye kuwa siri." Kisu cha mzee kikaacha kuchonga.

"Gwantwa," mzee aliita kutoka upande wa pili. "Mwulize binti yako nyimbo za kanisani zimeisha?"

"Amesikia mwenyewe," alisema Bibi Gwantwa.

"Mwambie."

Bibi Gwantwa alipumua. "Tupokigwe, baba yako anauliza kama nyimbo za kanisani zimeisha."

"Mwambie baba hazijaisha, mama. Ila huu ni wa zahanati."

"Anasema ni wa zahanati."

"Mwambie nimeshaujua. Lusubilo naye aliuimba hapa kama jogoo mwenye mafua."

Bibi Gwantwa alicheka peke yake. Tupokigwe aliuma midomo asicheke.

"Mama," alisema, "mwambie baba kikopo chake mimi sitakigusa. Sitakiona. Mama utakifunga, utakitia kwenye kikapu chako, utakipeleka mwenyewe mpaka mkononi kwa Sista Scola. Sista ndiye atakayekiandika namba. Mimi siku hiyo nitakuwa kitongoji cha pili."

"Umesikia?" aliuliza Bibi Gwantwa.

"Sijasikia. Mwambie vizuri."

"Baba Anyosisye, mimi si simu ya kupokezana. Una masikio."

Mvua ilipiga bati.

"Mwambie," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "kwamba mimi sina ugonjwa wa kupelekwa kwa kikapu. Nina bawasiri. Na nani kamwambia naumwa? Wewe?"

"Sijasema neno mimi," alisema Bibi Gwantwa.

"Basi nani?"

Tupokigwe aliweka chini gunzi.

"Mama, mwambie baba, fimbo yake ndiyo iliyoniambia."

Bibi Gwantwa hakurudia. Hakukuwa na haja.

"Mwulize," alisema mzee, "fimbo imemwambia nini?"

"Mwambie baba, tangu nilipoletwa hapa nimemsikiliza. Ndiyo kazi yangu, ili nimpishe. Uso wake siujui, lakini mwendo wake naujua kuliko mtu yeyote. Zamani fimbo ilikwenda mpaka chooni bila kupumzika. Ilipanda shamba la juu bila kupumzika. Sasa inasimama kwenye mparachichi. Inasimama tena kwenye jiwe. Inakwenda chooni, inarudi, na kabla maji hayajachemka inakwenda tena. Shamba la juu haipandi kabisa. Bawasiri haimnyimi mtu pumzi, mama. Damu ikipungua ndiyo inamnyima."

Alivuta kanga, akafuta macho.

"Mwambie Tabita huwa ananiuliza babu anapita saa ngapi, ili akampokee kikapu. Mwambie siku fimbo itakaponyamaza, mimi nitabaki nimejibanza nyuma ya jiko nikimpisha nani?"

Bibi Gwantwa alikuwa analia bila sauti. Aliugeukia ukuta.

"Sadoki," alisema, na hakumwita Baba Anyosisye. "Shemeji Rubeni nilimwosha mimi alipokufa. Alikuwa mwepesi kama kuni kavu. Juzi nimekushika bega usiku. Sijakuambia. Nakuambia leo."

Upande wa pili mpini wa jembe ulianguka chini.

"Ile damu," alisema mzee taratibu, "nilikuwa naifunika kwa majivu ili usiione."

"Miezi mingapi?"

"Tangu kuvuna maharage."

Mvua iliendelea. Kisha mzee alikohoa, kikohozi kile cha kuwaonya watu kwamba yuko njiani.

"Mwambie alete hicho kikopo. Hapana. Asilete yeye. Kalete wewe."

*

Majibu yalitoka baada ya siku chache. Kikopo cha Mzee Sadoki kilikuwa na damu. Sista Scola alifika mwenyewe nyumbani. Kwa kuwa yeye hakufungwa na mila ya nyumba ile, aliketi karibu na mzee, akanywa uji, akatania.

"Mzee, majirani zako kadhaa nao wamekutwa na damu. Hii haisemi una saratani. Inasema mlango ufunguliwe tuangalie ndani."

"Mlango upi?"

"Huo huo unaoufikiria."

Mzee alitazama dari. "Wasukuma hamna haya."

"Haya tuliwaachia nyinyi wa milimani. Sisi tumebaki na ng'ombe."

Mzee alicheka mpaka akashika tumbo.

Anyosisye alikuja kutoka Tunduma kumsindikiza baba yake Mbeya. Kabla ya kipimo mzee hakula chakula kigumu. Alipewa dawa ya kusafisha tumbo na maji mengi, na siku hiyo alikuwa na safari nyingi za chooni. "Nimeoshwa ndani kama kibuyu cha maziwa," alimwambia mwanawe. Kisha alipewa dawa ya usingizi mwepesi. Daktari aliingiza mpira mwembamba wenye taa na kamera, akautazama utumbo wote.

Majibu yalipotoka siku kadhaa baadaye, aliwaita wote wawili. Hakuficha kitu, na hakuwatisha.

"Mzee, kuna uvimbe kwenye utumbo mpana. Tulichukua kipande, tukakipima. Ni saratani."

Anyosisye aliinamisha kichwa. Mzee alimgusa goti.

"Mwache amalize," alisema.

"Iko ndani ya ukuta wa utumbo," aliendelea daktari. "Picha za ini na mapafu ni safi. Tutakata kipande chenye uvimbe, tutaunganisha utumbo. Ungekaa na dawa ya chupa mwaka mwingine, nisingekuambia maneno haya."

Anyosisye aliinuka, akatoka nje. Mzee alimkuta ameegemea ukuta.

"Mimi ndiye niliyetuma chupa zile, baba."

"Ulituma kwa kunipenda. Na mimi nilikunywa kwa kukwepa aibu. Sasa turudi ndani tumsikilize mtu aliyesoma kazi hii."

Upasuaji ulifanyika. Mzee alikaa hospitali, akapata homa, ikapoa, akaanza kula uji, akaanza kuwagombeza wauguzi kwa kumnyima ugoro. Hapo Bibi Gwantwa akajua amepona.

Daktari alimwambia mambo mengine ya kufuata nyumbani. Ugoro, sigara na pombe, aache. Nyama iwe ya kiasi, isiwe ya kuungua kwenye moto. Mboga, maharage, matunda na ugali wa dona viwe vingi, maana makapi yake husaidia utumbo kufanya kazi. Atembee, asikae kutwa. Na arudi kupimwa kila atakapopangiwa, hata akijisikia mzima kabisa.

"Na watoto wako?" aliuliza daktari. "Wamefika umri gani?"

"Huyu amepita arobaini."

Daktari alimtazama Anyosisye. "Kaka yake baba, na sasa baba. Wewe usisubiri kikopo. Nawe uje tukuangalie kwa kamera."

"Nitakuja," alisema Anyosisye, kwa sauti ya mtu anayetaka mazungumzo yaishe.

*

Ko. Ko. Ko. Ko.

Tupokigwe alikuwa anachambua mbegu za viazi uwanjani. Aliisikia fimbo kutoka mbali, ng'ambo ya mianzi. Aliinuka, akavuta kanga, akajibanza nyuma ya jiko. Alihesabu kwa moyo. Fimbo ilifika kwenye mparachichi.

Haikusimama.

Ilifika kwenye jiwe la kunolea. Haikusimama. Ilipanda njia ya shamba la juu, ikapotea, na baada ya muda ikarudi. Tabita alikimbia nyuma yake na kikapu cha mboga ya maboga.

Siku hiyo Anyosisye alikuwa nyumbani. Jioni walikaa katika sehemu zao, mzee upande wake wa ukuta wa mianzi, Tupokigwe na mumewe upande wa jiko. Bibi Gwantwa alikuwa mlangoni, katikati, mahali pake pa siku zote. Chakula kilikuwa dona, maharage na mboga za majani. Mzee alilalamika kwamba analishwa kama sungura, kisha akaongezewa sahani.

"Mama," alisema Tupokigwe, "mwulize Anyosisye tarehe yake ya Mbeya ni lini."

"Niko hapa, mke wangu, nasikia," alisema Anyosisye. "Kazi imebana mpakani. Mwezi ujao, au ule mwingine."

"Mwezi ujao ulisema mwezi uliopita."

"Sina dalili yoyote mimi. Nabeba magunia kutwa."

"Baba mkubwa naye alibeba."

Anyosisye alikoroga maharage kwenye sahani.

Upande wa pili kiti kiligonga ukuta. Mzee Sadoki alikuwa ameinuka. Walisikia akija karibu na mianzi, mahali udongo ulipodondoka. Tupokigwe alivuta kanga haraka, akageuza uso pembeni. Mzee hakuchungulia. Alisimama tu pale, fimbo mkononi.

Alikohoa.

"Gwantwa," alisema, "leo usinisaidie."

Bibi Gwantwa aliweka sahani yake chini.

"Tupokigwe," alisema mzee.

Kijiko cha Anyosisye kilianguka. Jina lile halikuwahi kutoka kinywani mwa mzee tangu siku lilipoingia nyumba ile. Tupokigwe aliinamisha kichwa mpaka kanga ikafunika macho.

"Naam, baba," alijibu, kwa sauti iliyosikika kwa shida.

"Uso wako sitauona, na wewe wangu hutauona. Hiyo ni heshima yetu, nitazikwa nayo. Lakini maisha haya ninayoishi umenipa wewe, kwa masikio yako. Kwa hiyo nakuahidi, mke wangu na mwanangu wakisikia. Nitarudi Mbeya kila nitakapoitwa. Wiki ijayo ninakwenda na huyu mumeo. Nitamshika mkono mimi mwenyewe mpaka mlango wa kipimo, lori la mpakani litamsubiri. Na tumbo likinigeuka tena, sitafunika kwa majivu, wala sitangoja fimbo ikuambie. Nitakuja hapa kwenye ukuta huu, nitakuita kwa jina lako, na nitakuambia mwenyewe."